Macho kuchoma usiku baada ya kuchomelea geti

Ndugu, umeuliza kwa nini macho yalikuwa sawa ulipofunga kazi jioni, kisha usiku wa manane yakawa kama yamemwagiwa mchanga. Hiyo ni miale ya urujuanimno (UV), isiyoonekana kwa macho, inayotoka kwenye ule mwako wa kuchomelea. Inaunguza utando wa mbele wa jicho, na maumivu huchelewa, mara nyingi kwa muda wa saa 6 hadi 12. Miwani ya jua haitoshi kabisa kuwa kinga. Tafuta ngao ya uso yenye kioo cheusi namba 10 au 11 (namba ya giza la kioo), na kijana anayekushikia chuma naye awe na yake. Kwa sasa usiyasugue, kaa gizani, weka kitambaa cha maji baridi. Kwa kawaida hutulia ndani ya siku 1 au 2; yasipotulia, au ukiona ukungu, nenda hospitali. Maziwa na viazi ambavyo watu huweka machoni tuwaachie wapishi.

Lakini kilichonitisha ni pale uliposema unachoma pekupeku na shati limelowa. Malindi hii, na jasho la kaskazi! Mashine ikiwa imewashwa tu, hata hujagusa chuma, kwenye koleo la rodi kuna volti 50 hadi 80 hivi, na ngozi iliyolowa haizuii umeme vizuri. Mimi nilishawahi kurushwa na umeme nikibadilisha rodi kwa mkono mtupu huku nimeegemea geti. Sasa ni glovu kavu za ngozi, viatu vya soli ya mpira, na ubao mkavu chini ya miguu.

Mabomba ya mabati je? Kabla ya kuyachomelea, kwangua kwanza zinki iliyopakwa juu yake, na ukae upepo ukitoka ubavuni. Moshi wake mweupe huleta homa ya usiku, watu wakadhani ni malaria.