Manjano na likeni planasi ya mdomoni: usiache steroidi kwanza

Umeuliza kama unaweza kuachana na steroidi ya kupaka, ile dawa ya hospitali ya kutuliza uvimbe, uhamie kwenye manjano kutibu likeni planasi ya mdomoni, ugonjwa wa muda mrefu ambao kinga ya mwili inashambulia ngozi laini ya ndani ya mdomo. Mimi naishi nayo miaka sasa, ile ya vidonda, ufizi mwekundu unawaka hata dawa ya meno ikigusa tu, ndani ya mashavu michirizi myeupe kama wavu. Jibu langu ni usiache ndugu yangu, ongeza tu, tena daktari wako akijua.

Kurkumini ndo inayoipa manjano ile rangi na inatuliza uvimbe kweli, shida iko kwenye dozi. Unga wa manjano una kurkumini kama asilimia 3 tu na hata hiyo utumbo hauipokei vizuri, kwa hiyo kijiko kwenye maziwa sahau. Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walijaribu miligramu 2000 kwa siku haikufua dafu, baadae wakapandisha hadi 6000, zikagawanywa mara tatu kwa siku kwa wiki mbili, matokeo yakatoka 2012 na hapo watu wakapata nafuu, ila wagonjwa walikuwa 20 tu, wachache mno.

Mimi steroidi ilifunga vidonda kwanza ndo nikaongeza jeli ya kurkumini. Nakausha ufizi na kipande cha gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, maana kwenye mate haishiki, napaka kidogo kwa kidole, nakaa nusu saa sili wala sinywi. Mswaki unageuka njano, midomo njano, mto wa kulalia njano, ndo ilivyo. Kuungua kumepungua sana na steroidi naigusa mara chache, michirizi bado ipo palepale. Vidonge vya kurkumini viliniharisha, nikabaki na jeli.

Kama unameza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, au una mawe kwenye nyongo usianze vidonge bila kuongea na daktari, na vile vilivyochanganywa na pilipili manga ili viingie zaidi mwilini kuna watu vimewaumiza ini, macho yakianza kuwa ya njano au mkojo mweusi acha siku hiyohiyo nenda hospitali.

Halafu hujasema kama ulikatwa kipande kidogo cha nyama ya mdomoni kikapimwa maabara. Huu ugonjwa kwa wachache unageuka kansa, kwa hiyo anza na hicho kipimo kabla hujanunua chochote, na kidonda kigumu kisichopona usikipake manjano, kapimwe upya.