Maswali ya wasomaji: onyo la kivinjari, na wageni wasiotoka kwenye waifai

Kompyuta yangu ya mezani inakataa kila ukurasa, hata wa barua pepe. Inaandika “Votre connexion n'est pas privée” (muunganisho wako si wa faragha). Simu iliyo kwenye ruta hiyohiyo inafungua vizuri. Je, nimeingiliwa? (Msomaji, Katuba)

Tunaishuku saa ya kompyuta kwanza. Ruta haina kosa, maana simu inapita humohumo. Soma msimbo mdogo ulio chini ya onyo: ukiwa NET::ERR_CERT_DATE_INVALID, angalia tarehe kwenye kona ya skrini, hasa mwaka. Kila cheti cha usalama, yaani kitambulisho cha tovuti mbele ya kivinjari, kina siku ya kuanza na siku ya kwisha. Kompyuta inayodhani tuko mwaka 2015 huona vyeti vya leo havijaanza kazi, basi huvikataa vyote.

Kinachopoteza saa ni betri ya duara iliyo kwenye bodi kuu, CR2032 ya volti 3. Kompyuta ikiwa imechomekwa, saa hutumia umeme wa ukutani. Umeme ukikatika, betri hubaki peke yake. Kwa mikato ya hapa Lubumbashi, betri hiyo huchoka mapema. Zima mashine, chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kumi hivi ili umeme uliobaki uishe, kisha gusa chuma cha kasha kabla ya kuingiza mkono ndani. Sukuma kibanio kwa ukucha, betri itainuka. Iweke mpya, alama ya + ikikutazama. Ukiipima ya zamani ukapata chini ya volti 2.8, usiirudishe.

Baada ya kuwasha, kwenye Windows ya Kifaransa fungua “Paramètres”, “Heure et langue”, “Date et heure”. Weka mwaka na tarehe kwa mkono, ndipo ubonyeze “Synchroniser maintenant”. Kwa ukanda wa saa chagua “(UTC+02:00) Harare, Pretoria”. Wengi huacha ukanda wa Kinshasa, UTC+1, halafu husogeza saa moja mbele kwa mkono. Kurasa zitafunguka, lakini programu inayotoa namba za siri za tarakimu sita kila sekunde 30 itatoa namba zisizokubalika, kwa sababu mashine inakosea kwa saa nzima.

Tafadhali usibonyeze kuendelea licha ya onyo. Anayezoea kulipita onyo la saa atalipita na la mwizi.

Tuna nyumba nne kwenye parseli moja. Nimebadilisha neno la siri la waifai mara mbili, lakini baada ya siku chache mega (data) zinaisha na ninaona simu nisizozijua. Wanaingiaje? (Mama mwenye duka, Kampemba)

Mama, neno la siri ni mlango mmoja tu, na umeuacha mwingine wazi. Huo ni WPS, njia ya kuunganisha kifaa na ruta bila kuandika neno la siri. Kifaa kikiunganishwa kwa namba ya WPS, ruta yenyewe hukikabidhi neno la siri jipya. Namba hiyo ina tarakimu nane, lakini ruta huikagua kwa vipande viwili, na tarakimu ya mwisho ni ya kuhakikishia tu. Kwa hiyo majaribio yasiyozidi 11,000 yanatosha kuipata. Udhaifu huu ulitangazwa mwaka 2011, na bado tunakuta ruta nyingi ambazo WPS imewashwa.

Fuata mpangilio huu, maana ukianza na neno la siri la waifai utarudi palepale. Unganisha kompyuta na ruta kwa waya. Andika anwani iliyo kwenye karatasi ya chini ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, ruta za laini ya simu nyingi ni 192.168.8.1. Kivinjari kinaweza kutoa NET::ERR_CERT_AUTHORITY_INVALID: hapa pekee si la kutisha, kwa kuwa ruta imejitengenezea cheti chake na wewe umeshika waya wake mkononi.

Badilisha kwanza neno la siri la msimamizi, lile la “admin”. Zima WPS. Zima usimamizi kutoka nje. Kwenye aina ya ulinzi wa waifai, chagua WPA3, au WPA2 yenye AES, usiguse TKIP, ambayo ni ya zamani na dhaifu. Ndipo uweke neno la siri la waifai: ruta hukubali herufi 8 hadi 63, sisi tunapendekeza zisipungue 16. Wapangaji wape “réseau invité” (mtandao wa wageni) yenye neno lake. Kuficha jina la waifai hakuzuii mtu.

Angalia na watoto: simu ya Android 10 au zaidi humwonyesha jirani neno la siri kwa picha ya QR. Tena, ruta isikae barazani. Anayebonyeza kitundu cha kurudisha mipangilio ya kiwandani amefuta kazi yako yote.

Simu na kompyuta zote nyumbani zinatoa onyo la cheti, lakini kwa mega za simu hakuna shida. (Msomaji, Kamalondo)

Hakikisha kwanza kifurushi cha ruta hakijaisha: kampuni huweza kuelekeza kila ukurasa kwenye wa malipo, na kivinjari hukataa. Kama kipo, tazama DNS ndani ya ruta, yaani namba ya mashine inayoonyesha kila jina la tovuti liko wapi: mwizi akiibadilisha, hukupeleka kwenye tovuti bandia. Ukikuta namba ambayo hukuiweka wewe wala kampuni yako, weka 1.1.1.1 au 9.9.9.9, badilisha neno la “admin”, kisha zima na kuwasha kila kifaa.