Raia wa nchi inayopigana: je, damu yake ni halali?

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Baada ya Ijumaa huwa tunakaa barazani hapa Magomeni, na siku hizi mazungumzo ni vita tu. Wenzangu wanasema raia wa nchi inayodhulumu hana usalama wowote, kwa sababu ndiye aliyepiga kura na ndiye anayelipa kodi ya kununulia mabomu, akiuawa asililiwe. Nikisema mtoto ni mtoto, naambiwa nimelishwa maneno na vyombo vya habari vya Magharibi, kwani wao wakiua huitwa bahati mbaya, wetu wakiua huitwa ugaidi. Dini inasemaje? Na imamu wetu akiomba katika kunuti, ile dua ya ndani ya sala, taifa zima liangamie na watoto wao, niitikie amina?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Nianze na pale wenzako waliposema kweli, maana mashehe tukiparuka hapo hatusikilizwi tena. Upendeleo upo. Machi 2023 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague, ilitoa hati ya kumkamata Rais Putin wa Urusi kuhusu watoto wa Ukraine waliohamishwa, na Rais Biden wa Marekani akasema hatua hiyo ni halali. Novemba 2024 mahakama ile ile ikatoa hati dhidi ya Waziri Mkuu Netanyahu wa Israeli kuhusu Gaza, tuhuma ya kutumia njaa kama silaha ikiwemo. Biden yule yule akailaani. Februari 2025 serikali ya Marekani iliyomfuata ikamwekea vikwazo mwendesha mashtaka wa mahakama hiyo. Mtu akiona haya akakasirika, simlaumu. Ila siku ile ile ya Novemba ilitoka pia hati dhidi ya kamanda wa Hamas, Mohammed Deif, na sidhani kama barazani kwenu ilitajwa.

Qur'ani ina sura nzima inayoanza kwa kuwatisha wapunjao, ambao wakijipimia kwa watu hutaka kitimie, na wakiwapimia wengine hupunguza. Aya haikusema kwamba ukipunjwa, nawe kachonge pishi lako. Wenzako wameuona wizi wa jirani wakataka leseni ya wizi kama huo.

Asili ya jambo hili ni kauli ya Mwenyezi Mungu katika Suratul An'aam, aya ya 164: hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Imerudiwa mahali kadhaa, na kila mara inamhesabu mtu kwa alichokichuma yeye. Katika vita vyenyewe, Suratul Baqara aya ya 190 inaamrisha kupigana na wale wanaokupigeni, kisha inakataza kupindukia mipaka. Bukhari na Muslim, wakusanyaji wa hadithi, wamepokea kwa Ibn Umar kwamba mwanamke alikutwa ameuawa katika moja ya vita, Mtume (s.a.w.) akakataza kuua wanawake na watoto. Kwa Abu Dawud, mkusanyaji mwingine, katika mapokezi ya Rabah bin Rabi', Mtume alimtazama mwanamke aliyeuawa akasema huyu hakuwa wa kupigana, kisha akampelekea ujumbe kamanda wake Khalid bin Walid: asiue mwanamke wala kibarua.

Kibarua huyo nataka tumtazame vizuri. Ni mtu aliyeajiriwa, yumo ndani ya msafara wa adui, anakula chakula chao, pengine anawachungia wanyama wao. Kwa hoja ya barazani huyu angekuwa wa kwanza kuuawa, kwa kuwa anamsaidia adui kwa mikono yake na si kwa kodi tu. Mtume akamtaja kwa jina la kazi yake ili asiguswe. Sasa kumbuka vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda Israeli kujifunza kilimo wakauawa katika shambulio la Hamas la tarehe 7 Oktoba 2023. Mwanafunzi wa kilimo shambani kwa watu, kama si kibarua wa hadithi hii, ni nani? Na makumi ya maelfu ya watu waliouawa Gaza baada ya siku hiyo, wanawake na watoto wengi miongoni mwao, hukumu yao ni hiyo hiyo, haipungui hata kidogo.

Katika madhehebu yetu ya Shafi ziko kauli mbili kuhusu wazee na watawa wasiopigana, nami sikufichi hilo. Ama wanawake na watoto wasiopigana, Imamu Nawawi amenukuu makubaliano ya wanachuoni kwamba ni haramu kuwaua. Aliyebeba silaha ni suala jingine, awe mwanamume au mwanamke.

Atatokea mtu akuletee hadithi ya Sa'b bin Jaththama, kwamba Mtume aliulizwa kuhusu mashambulizi ya usiku yanayowapata wanawake na watoto wa washirikina, akasema wao ni katika wao, yaani ni sehemu ya watu wao. Hadithi ni sahihi. Wanachuoni wameielekeza kwa yule asiyekusudiwa, pale ambapo giza na mchanganyiko vimezuia kumtenga na mpiganaji, na Zuhri aliyeipokea alikuwa akisema kwamba baadaye Mtume alikataza kuua wanawake na watoto. Lakini angalia itakapokufikisha ukiichukua bila masharti. "Hatukuwakusudia" ndilo neno analolisema kila msemaji wa jeshi asubuhi baada ya kubomoa jengo lenye familia. Ukilipokea kwa jeshi ulipendalo, umeshampa fatwa hiyo hiyo na yule unayemlaani. Mimi huwapa wanafunzi wangu zoezi: andika hukumu yako, kisha badilisha majina ya pande mbili, uisome tena kwa sauti.

Kuhusu kodi. Hapa kwetu anayenunua sabuni dukani analipa kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, na mtoto aliyetumwa na mama yake analipa vilevile. Hakuna aliyemuuliza fedha hiyo ikanunue nini. Ikiwa kulipa kodi kunahalalisha damu, basi hakuna damu iliyohifadhiwa duniani, yangu na yako zikiwemo. Na kura? Wapo waliompigia kura mwingine, wapo waliokaa nyumbani, wapo ambao hawajafika umri.

Fikra hii ya kwamba hakuna raia imeshatembea Dar es Salaam kwa miguu yake. Februari 1998 Osama bin Laden na wenzake walitoa tamko kwamba kuua Wamarekani, askari na raia, ni wajibu. Tarehe 7 Agosti mwaka huo lori la mabomu likalipuka kwenye ubalozi wa Marekani hapa mjini. Walikufa watu 11, na hakuna Mmarekani hata mmoja kati yao. Wazee wa barazani kwenu bila shaka wanaikumbuka Ijumaa ile.

Je, raia basi hana jukumu lolote? Analo, tena zito kuliko wengi wanavyodhani. Abu Dawud amepokea kwamba dhambi ikitendeka, aliyeishuhudia akaichukia ni kama asiyekuwepo, na asiyekuwepo akairidhia ni kama aliyeishuhudia. Fikiria video za mauaji zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp zikisindikizwa na takbiri au vicheko. Mtu yuko Temeke, damu imemwagika maelfu ya kilomita, na ameshaandikiwa sehemu yake. Vivyo hivyo Muisraeli anayeshangilia nyumba za Gaza zikiporomoka, na Mrusi anayefurahia miji ya Ukraine ikiungua. Lakini kuridhia ni hesabu ya Mola wake, na anayechochea mauaji au kuyafadhili kwa hiari yake ana kesi mbele ya hakimu, kwa ushahidi, mtu mmoja mmoja. Hakuna popote tulipomkabidhi mwenye bunduki daftari la nyoyo za watu.

Jukumu hilo huanzia upande wako. Khalid alipowaua watu wa Banu Jadhima kwa pupa, baada ya kufunguliwa Makka, habari ikamfikia Mtume, naye akainua mikono akasema mara mbili: "Ewe Mola, mimi najitenga mbele yako na alichokifanya Khalid." Hakusema tusiwape maadui maneno. Vitabu vya sira vinaeleza kwamba alimtuma Ali kuwalipa dia, yaani fidia ya damu, na mali zao zilizoharibika. Khalid alibaki kuwa kamanda mkubwa, na kosa likabaki kuwa kosa.

Sisi Watanzania tunayo yetu. Jeshi la Idi Amin wa Uganda lilipoingia Kagera mwaka 1978 liliua raia na kupora, na hilo kila mtoto wa shule analijua. Jeshi letu lilipofika Masaka na Mbarara, huko Uganda, mwaka 1979, miji hiyo ilibomolewa kwa kisasi, na hilo tunalitaja kwa nadra, ingawa Mwalimu Nyerere mwenyewe alitaka raia na mali zao visiguswe. Amin alipoanguka, Waislamu kadhaa wa Ankole wakauawa kwa kuhesabiwa kuwa ni watu wake. Walikuwa na kosa gani zaidi ya kusali kama yeye? Waulize wenzako kama hoja yao wangeipenda siku ile.

Ama kunuti: Mtume aliomba mwezi mzima dhidi ya Ri'l, Dhakwan na Usayya, makabila yaliyowaua wasomaji wa Qur'ani kwenye kisima cha Ma'una. Yaani kuwaombea mabaya wauaji kuna asili. Na Tufayl alipomtaka awaapize Daws, kabila lake lililokataa dini, Mtume akasema: "Ewe Mola, waongoe Daws, na uwalete." Basi imamu anapowaombea mabaya madhalimu na wauaji, itikia amina. Akifika kwenye watoto wao, nyamaza. Kunyamaza hakuharibu sala yako. Kisha msubiri watu watoke umwambie kwa adabu, ukiwa naye peke yake, na usilipeleke barazani kwanza.

Wallahu a'lam.