Kabla hujampa mtoto dawa ya kuongeza damu

Mwanangu ana selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Macho yake yakiingia umanjano kidogo tu, majirani na mashangazi huniambia yale yale: mpe rozela, mpikie matembele, mnunulie dawa ya kuongeza damu. Rozela na matembele anapata. Dawa hiyo ya kuongeza damu, yenye madini ya chuma, simpi mpaka nione majibu ya maabara, na natamani kila mzazi mwenzangu ajue sababu.

Chuma cha kwenye maharage na mboga za majani hakipenyi utumbo hivi hivi. Mwanzoni mwa utumbo mwembamba kuna kimeng'enya kinachokibadili kwanza ndipo kipite, na vitamini C husaidia sana kazi hiyo. Kwa hiyo kamulia ndimu kwenye mboga, na chai ya rangi isubiri saa moja au mbili baada ya kula, kwani hukishika chuma kisifyonzwe. Kikishapenya, ini hutumia homoni iitwayo hepsidini kuamua kiasi kitakachoingia kwenye damu. Hepsidini ikipanda, chuma hukwama ukutani mwa utumbo na mwishowe hutoka na choo.

Kwa mwenye lishe duni, minyoo au hedhi nzito, vidonge vya chuma vinasaidia kweli. Selimundu ni habari nyingine. Chembe nyekundu za mwanangu huishi siku 10 hadi 20 badala ya 120, lakini zikivunjika, sehemu kubwa ya chuma chake hubaki mwilini na kutumika tena. Chupa ya damu ya kuongezewa nayo huja na miligramu 200 au zaidi za chuma, na mwili hauna njia ya kukitoa kikizidi. Hujazana kwenye ini, hata moyoni.

Upo pia upungufu wa damu wa kurithi, nadra sana, unaotokana na hitilafu ya jeni ya TMPRSS6. Kimeng'enya cha ini kinachoizuia hepsidini hakifanyi kazi, chuma hakiingii, na vidonge havifui dafu. Mgonjwa huyo huwekewa chuma kwa mshipa.

Basi omba kipimo cha feritini, kinachoonyesha akiba ya chuma mwilini, tena mtoto akiwa hana homa, maana maambukizi huipandisha. Asidi ya foliki aliyoandikiwa mpe kila siku bila kukosa. Mimi nikimwogesha wangu humpapasa chini ya mbavu za kushoto, kama muuguzi alivyonifundisha. Ukikuta bandama imevimba na viganja vimepauka ghafla, usipitie duka la dawa. Mkimbize hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.