Ukaguzi wa foklifti asubuhi: anza sakafuni, fomu iache mwisho

Mkuu, umeuliza kama kuna haja ya kukagua foklifti kila siku wakati wenzako ghalani wanatiki fomu nzima huku wanakunywa chai. Mimi naendesha hizi mashine za kunyanyulia mizigo Kurasini, Dar es Salaam, za dizeli na za betri. Haja ipo, tena kubwa.

Kabla hujagusa funguo, inama uangalie pale ilipolala. Ukikuta mafuta yamedondoka, tafuta yanakotoka. Hozi ya haidroliki ikiwa imelowa, usipapase tundu kwa kidole, hata ukiwa na glavu. Mafuta ya presha ile yanatoboa ngozi, na yakishaingia ni kesi ya upasuaji. Badala ya kidole, pitisha kipande cha boksi.

Kwenye meno, yale mawili ya chuma yanayoingia chini ya mzigo, ndipo usiwe na haraka. Jino linalika pale kwenye kona linapokunja, kwa sababu ya madereva wanaoliburuza sakafuni, na nyufa nazo hupenda kuanzia hapohapo. Futa grisi na vumbi kwa tambara, washa tochi, fuata kona yote kwa macho. Ukiwa na kalipa, kifaa cha kupimia unene, pima unene wa sehemu ya wima, ambayo hailiki, halafu pima karibu na kona. Likipungua asilimia 10, halifai tena: la milimita 40 likibaki 36 limekwisha. Wengi wanadhani kwa hapo nguvu nayo imepungua asilimia 10, kumbe ni karibu 20. Fundi akisema atalichomelea, kataa.

Cheni zikague kwa macho, vidole vikae mbali na mlingoti, ile fremu ya wima inayopandisha meno. Tafuta kutu, pini zilizojizungusha, na cheni moja kulegea kuliko mwenzake. Ikirefuka asilimia 3 inabadilishwa. Kukaza nati ili cheni isilegee ni kuficha ugonjwa.

Matairi, honi, taa na mkanda wa kiti havikuli muda. Kibao cha uwezo kisomeke, maana kilo 2500 zilizoandikwa pale ni kwa mzigo ambao kitovu chake kiko milimita 500 kutoka mgongo wa meno. Mzigo mrefu ukiubeba kwa hesabu hiyohiyo, nyuma inanyanyuka. Kwa mashine ya betri, maji huongezwa baada ya kuchaji. Ukijaza kabla, yatafurika na asidi. Na sigara kaa nayo mbali, betri inayochaji inatoa haidrojeni.

Sasa washa. Jaribu breki, hendibreki na usukani, pandisha meno matupu hadi juu, usikilize.

Kama ghala lenu lina shifti ya usiku, usiridhike na saini ya mwenzako. Kanuni za Marekani zinataka mashine inayofanya kazi saa 24 ikaguliwe baada ya kila shifti, nami naona wako sahihi: saa nane za kuburuza paleti zinatosha kuharibu kitu.

Kwenye fomu usitiki tu. Andika "jino la kushoto milimita 36", weka saa, piga picha, kisha mkabidhi supavaiza funguo mkononi. Akisema umalizie kontena kwanza, mwombe aandike maneno hayo chini ya ubovu ulioutaja na asaini yeye. Masupavaiza wangu huwa wanakumbuka ghafla kwamba kuna foklifti nyingine nyuma ya ghala.