Maswali ya Wasomaji: Mcheza Dansi Aliyewapiga Picha Wanuba

SWALI: Ndugu Mhariri, katika maonyesho niliona picha za wacheza mieleka wa Kinuba, watu wa milima ya Nuba nchini Sudan, na maelezo yakasema mpigapicha, Leni Riefenstahl, aliwahi kuwa mcheza dansi. Rafiki yangu anashikilia kuwa bibi huyo alimtumikia Hitler. Lipi ni la kweli, na mtu hutokaje jukwaani akaishia nyuma ya kamera?

JIBU: Ndugu msomaji, yote mawili ni ya kweli. Riefenstahl alizaliwa Berlin mwaka 1902, akaanza kujulikana mwaka 1923 kwa kucheza dansi peke yake jukwaani, hadi goti lilipoumia mwaka uliofuata. Akahamia kwenye filamu za milimani, kwanza akiigiza na kisha, mwaka 1932, akiongoza mwenyewe. Hitler alipendezwa na kazi yake, akamkabidhi filamu ya mkutano wa chama chake cha Nazi uliofanyika Nuremberg mwaka 1934. Filamu hiyo, pamoja na ile ya Olimpiki ya Berlin ya 1936, husomwa hadi leo kwa ufundi wake. Wakati wa vita aliwatumia katika filamu nyingine Waroma, jamii ya wachache ya Ulaya iliyoandamwa na Wanazi, waliotolewa kambini walikofungiwa, na wengi wao waliuawa baadaye katika kambi ya mauaji ya Auschwitz. Mabaraza yaliyomchunguza baada ya vita yalimhesabu kuwa mfuata mkumbo tu (uamuzi ambao mimi nauona mwepesi mno), lakini milango ya filamu ilikuwa imekwisha kufungwa.

Mwaka 1956 alikuja Kenya kutayarisha filamu kuhusu biashara ya watumwa, akapata ajali mbaya ya gari. Kilichomvuta kwa Wanuba ni picha ya mcheza mieleka aliyebebwa mabegani, iliyopigwa na Mwingereza George Rodger mwaka 1949. Alipomwomba Rodger amsaidie kuwafikia watu hao, alikataliwa, kwa kuwa Rodger alikuwa ameipiga picha kambi ya mateso ya Wanazi ya Bergen-Belsen mara ilipokombolewa mwaka 1945. Akaenda bila msaada wake mwaka 1962, akarudi mara kadhaa, na kitabu chake cha kwanza cha picha hizo kikatoka mwaka 1973.

Sasa, alitokaje jukwaani? Kwa maoni yangu hakutoka. Jicho lililozoea kupima mkao, misuli na kivuli cha mchezaji ndilo lililotazama uwanja wa mieleka. Mwandishi Susan Sontag alidai mwaka 1975 kwamba picha hizo zinaendeleza ibada ileile ya mwili wenye nguvu iliyokuwa katika filamu za Nuremberg na Berlin. Ninamuunga mkono, ijapokuwa mieleka peke yake isingenishawishi, kwani katika mchezo huo mpigapicha yeyote angeutazama mwili. Kinachonishawishi ni jinsi vijana wenye maungo mazuri wanavyotawala kurasa, na jinsi kazi za kila siku zinavyobaki pembeni.

Alipopita miaka 70 alidanganya umri wake ili apate cheti cha kupiga mbizi, akaanza kupiga picha za samaki na matumbawe. Mwaka 2000, akiwa na miaka 97, alirudi Sudan kuwatafuta marafiki zake wa zamani waliotawanywa na vita. Helikopta yake ikaanguka, akanusurika, akafariki Ujerumani mwaka 2003.