Mchunga hauondolewi kwa pawatila

Usiingize pawatila, ile trekta ndogo ya kuongozwa kwa mkono, kwenye hicho kiwanja cha Chamazi, hata kama umekwisha kutoa malipo ya awali. Umeeleza kwamba mchunga, ile mboga chungu ya mwituni, umefunika eneo lote unalotaka kupanda mchicha, na kwamba mwenye mashine amekuahidi kuumaliza. Ukauliza pia namna ya kuupunguzia uchungu ukipikwa. Mimi niliahidiwa hayohayo huko Kigamboni na mtu aliyejitambulisha kuwa mtaalamu wa kilimo. Mabuti yake yalikuwa ya kitaalamu, bei yake vilevile. Kasoro ilikuwa kwamba hakuwahi kuchimbua mchunga hata mmoja akaona kilichoko chini.

Majani yanayotoa utomvu mweupe na yale maua ya njano ni sehemu ndogo tu ya mmea. Ardhini kuna mashina meupe yanayotambaa, mepesi kukatika, na kipande kikibaki na jicho kinaweza kuchipua mche mpya. Visu vya pawatila haviyatoi mashina hayo, bali huyakatakata na kuyasambaza. Baada ya kulima, shamba langu lilipendeza kiasi cha kupigwa picha, nikamwaga samadi ya kuku na mbegu za mchicha. Mvua za vuli ziliponyesha, mchunga ukaota hata kwenye kona ambayo haukuwapo awali, umejipanga kwa mistari iliyonyooka kufuata njia ya mashine, huku mchicha ukisongwa katikati. Samadi yote niliyonunua ikawa chakula chake. Majirani waliokuja kuchuma mboga walinisifu kwa kilimo bora, nami nikazipokea sifa hizo, kwa kuwa sikuwa na kingine cha kuvuna.

Mchunga hutolewa ukiwa mzima. Subiri udongo uwe na unyevu, inua bonge kwa uma wa bustani, ufuate shina kwa vidole hadi linapoishia, na likikatika uchimbe tena hapohapo. Uliyoyatoa yatandaze juu ya bati yakauke kabisa, wala usiyatupe kwenye mboji. Rudia kila chipukizi linapojitokeza, na uanze na tuta moja badala ya kiwanja kizima.

Kuhusu uchungu, chemsha, umwage maji ya kwanza, kisha uunge kwa tui la nazi. Ila mpigie mwenye pawatila kwanza, umwambie asije.